Vidole Viwili vya Madigadi: Pembe za Magurudumu ya Gari Lililoshushwa

Kisiwani Mombasa urefu wa gari haupimwi kwa rula, hupimwa kwa vidole. Kijana huegesha Subaru yake kando ya baraza, akachutama, akaingiza vidole kati ya tairi na ukingo wa madigadi, na hukumu ikatoka papo hapo. Vidole vinne ni gari la mzee. Vitatu ni la mtu aliyeanza kuelewa. Viwili ndio umaridadi wenyewe. Akishaamua humpelekea fundi agizo fupi: "Fundi, nataka vidole viwili, mbele na nyuma." Fundi naye hujibu, "Sawa, mwanangu, niachie gari mpaka jioni." Jioni gari hutoka limelala kama lilivyotakiwa, na kwa muda kila mtu huwa na furaha. Kisha tairi la mbele huanza kuliwa upande wa ndani, upande ambao mwenye gari hauoni mpaka nyaya zichomoze.

Mhadhara huu haukuandaliwa kumkataza mtu kushusha gari. Gari lililoshushwa vizuri hukata kona kwa utulivu na hupendeza macho, na kupendeza si dhambi katika mji ambao hata milango ya nyumba imechongwa nakshi. Hoja ni moja tu: kushusha gari ni kazi ya pembe kabla ya kuwa kazi ya springi. Anayengoja mpaka gari limeshashuka ndipo aulize habari za alainmenti huwa amechelewa, kwa sababu kuna pembe ambazo mashine itazisoma tu na isiweze kuzirudisha.

Tuanze na njia yenyewe. Mji wa Kale ulijengwa kabla ya gari kuwazwa. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593, na Ndia Kuu pamoja na vichochoro vya Kibokoni vilipimwa kwa upana wa watu, punda na mizigo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wakubwa wa kisiwani walisafirishwa kwa vitoroli vilivyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba, na juu ya reli hakuna aliyehitaji kujua gurudumu linaelekea wapi. Leo njia nyingi za humo zimetandikwa kabro. Kona zake ni za kukata usukani hadi mwisho, na hapo ndipo tairi la gari lililoshushwa husugua plastiki ya ndani ya madigadi, hata kama barabarani halijawahi kugusa kitu.

Nje ya Mji wa Kale kuna matuta, na matuta yana hesabu yake. Tuta refu la mviringo lililofanyiwa majaribio na maabara ya barabara ya Uingereza mwaka 1973, ambalo nchi nyingi zililiiga, lina urefu wa mita 3.7 na kimo cha milimita 100. Tuta hilo lina huruma. Gari dogo lenye mita 2.5 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma likifika katikati yake, magurudumu yote manne yako juu ya tuta, na tumbo linadai nafasi isiyofika milimita 50. Tuta fupi ambalo wakaazi hulimwaga wenyewe mbele ya nyumba zao, lenye kimo hichohicho lakini upana wa hatua moja, linadai milimita 100 zote. Saluni nyingi za Japani hutoka kiwandani zikiwa na nafasi ya milimita 130 hadi 155 chini ya tumbo. Toa 50 za kushusha, kisha pakia watu wanne na mzigo wa soko la Marikiti. Kilichobaki hakivuki tuta la jirani.

Wajapani wenyewe, ambao magari yao yaliyotumika hushuka kwa wingi katika bandari ya Kilindini, wameweka mpaka kwao: gari likiwa na chini ya sentimita tisa kutoka ardhini halipiti ukaguzi. Ni kipimo kinachofaa kukumbukwa na mtu anayenunua gari lililoshushwa tayari na mmiliki wa kwanza huko Yokohama au Nagoya, kwa kuwa lilishushwa kwa barabara za huko. Halafu kuna Likoni. Maji ya bamvua hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo feri haikutani na zege mahali palepale kila saa, na ile pembe kati ya mlango wa feri na mteremko haiwi ileile. Bampa lililopita asubuhi laweza kukwaruzwa jioni.

Sasa pembe. Mafundi huzitaja tatu: kemba, kasta na tou.

Kemba ni kuinama kwa gurudumu ukilitazama kutoka mbele ya gari. Likiinamia ndani kwa juu, kemba ni hasi. Likiinamia nje, ni chanya. Digrii moja haionekani kuwa kitu, lakini kwa tairi lenye kipenyo cha milimita 600 maana yake ni kwamba kichwa cha tairi kimeingia ndani takriban milimita 10 kuliko mguu wake. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu huuzunguka unapokata usukani, ukiutazama kutoka ubavuni. Ndiyo inayourudisha usukani katikati ukiuachia. Kushusha gari sawasawa mbele na nyuma hakuigusi sana kasta. Kulishusha mbele zaidi ya nyuma, kwa mtindo wa gari lililoinamisha pua, kunaipunguza: milimita 20 za tofauti kwenye gari lenye mita 2.6 kati ya magurudumu ni karibu nusu digrii. Nusu digrii hiyo dereva huisikia akivuka daraja la Nyali upepo wa bahari ukivuma, usukani ukiwa mwepesi kupita kiasi.

Tou ndiyo inayostahili muda wetu. Ni uelekeo wa magurudumu mawili ya ekseli moja ukiyatazama kutoka juu: je, yanatazama mbele sambamba, yanakaribiana kwa mbele, au yanatengana? Hamali anayesukuma mkokoteni wenye magurudumu yaliyopinda anaijua kwa mgongo wake. Mzigo ni uleule, njia ni ileile, lakini jasho ni maradufu. Gari lina injini ya kuficha jasho hilo, na bili huletwa na tairi.

Chukua tou ya milimita tatu, kosa dogo ambalo jicho haliwezi kuliona. Kwa tairi lile la milimita 600, kila gurudumu limekosea njia kwa sehemu 2.5 katika kila 1,000. Maana yake ni kwamba kila kilomita moja, kila tairi linaburutwa kando mita mbili na nusu huku likijifanya linabingirika. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120. Tairi hilo litafika Malindi likiwa limesuguliwa kando kwa lami mita 300, na litarudi na nyingine 300. Ndiyo sababu mafundi wazoefu husema kemba hula tairi polepole, tou hulitafuna. Gari lenye kemba hasi ya digrii moja au moja na nusu na tou iliyo sawa laweza kutembea muda mrefu bila kilio. Vijana wengi hulaumu kemba kwa sababu ndiyo wanayoiona, kumbe mwizi ni mwingine.

Kwa nini kushusha kuiguse tou wakati hakuna aliyegusa usukani? Jibu limo ndani ya mfumo unaobeba gari, na mfumo ulio mbele ya magari mengi madogo ya Mombasa, kuanzia Vitz hadi Impreza, umetokana na kazi ya mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson. Aliunganisha springi na shoki kuwa nguzo moja iliyosimama, ikashikwa juu na bodi na chini na mkono mmoja. Ford waliitumia nguzo hiyo kwenye Consul na Zephyr walizozizindua mjini London Oktoba 1950. Afrika Mashariki haikuchelewa kuifahamu: mbio za magari za Coronation Safari za mwaka 1955 walizishinda Vic Preston na D. P. Marwaha wakiwa ndani ya Ford Zephyr. Sifa ya Kenya katika magari, tangu siku hizo hadi madereva wa mbio kina Joginder Singh na Shekhar Mehta, ilijengwa juu ya gari lililoinuliwa. Kushusha ni somo jipya zaidi, ingawa hesabu ni ileile ikisomwa kinyume.

Kiwandani, mkono wa chini wa nguzo hiyo kwa kawaida huteremka kidogo kuelekea gurudumu. Gari likishushwa, mkono hupanda ukakaribia kulala sawa, na ncha yake husukuma mguu wa gurudumu nje. Kemba inakuwa hasi kidogo, tairi linashika vizuri zaidi kwenye kona, na mwenye gari anajisikia fundi. Lakini ukizidi kushusha, mkono hupita ulalo ukaanza kuelekea juu upande wa gurudumu. Kuanzia hapo faida hupungua, na mwishowe hugeuka: gari likilala kwenye kona, gurudumu la nje halipati tena kemba linayoihitaji. Zaidi ya hayo, kitovu cha kuyumba, ile nukta ambayo bodi huizungukia inapolala upande, hushuka haraka kuliko bodi yenyewe. Umbali kati ya uzito na nukta hiyo huongezeka, na gari huwa na hamu kubwa zaidi ya kulala kuliko lilivyokuwa kabla ya kushushwa. Kinachoficha aibu hiyo ni springi ngumu peke yake. Kwa hiyo Impreza iliyotambaa chini kupita kiasi inaweza kukata kona vibaya kuliko ile ya mwalimu aliyeinunua juzi na hakuigusa.

Upande wa usukani kuna tairodi, fimbo inayotoka kwenye staringi reki hadi gurudumuni. Kiwanda hupanga tairodi na mkono wa chini vichore pinde zinazofanana gurudumu linapopanda na kushuka. Likishushwa gari, vyote viwili huanza kazi mahali pengine pa upinde, na pinde hazifanani tena. Gurudumu likigonga tuta hujigeuza lenyewe kidogo, dereva akiwa ameushika usukani bila kuusogeza. Tou ikirekebishwa kwenye mashine gari likiwa limetulia, itakuwa sahihi kwa gari lililotulia, lakini shimoni itacheza. Kwa mtu aliyeshusha milimita 25 mchezo huo ni mdogo. Kwa aliyeshusha 60, mashine haina dawa yake, na dawa iliyopo ni ya vyuma: boljointi zenye shingo ndefu au ncha za tairodi zilizohamishwa, vitu ambavyo ni nadra mtu kuvikumbuka anaponunua springi.

Toyota Mark X, kipenzi cha barabara za Kenya tangu ilipoanza kuingia, ni kisa kingine. Ile ya kwanza, ya mwaka 2004, ina mikono miwili kwa kila gurudumu la mbele, wa juu mfupi kuliko wa chini, na nyuma ina mikono mingi zaidi. Mfumo huo huzaa kemba hasi kwa ukarimu kadiri gari linavyoshuka. Ndiyo sababu Mark X zilizoshushwa huonekana zimetanua miguu nyuma, mtindo ambao wengine huutafuta kwa makusudi. Hapo mikono ya nyuma inayorekebishika huhitajika, la sivyo tairi litaisha ndani huku nje likiwa na meno mapya.

Vitz na ndugu zake wenye boriti moja nyuma hawana shida hiyo. Kemba na tou ya nyuma hazibadiliki sana, na kiwanda hakikuweka hata bolti ya kuzirekebisha.

Kuna jambo linalofanywa gerejini ambalo mhadhara huu unalikataa bila kigugumizi: kukata springi kwa gesi. Ugumu wa springi hutegemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Yenye mizunguko sita ikibakishiwa mitano inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, jambo ambalo shoki ya zamani haikupangiwa. Moto wa gesi nao huharibu chuma karibu na mahali palipokatwa, kwa kuwa chuma cha springi kilipata nguvu zake kwa kupashwa na kupozwa kwa kipimo. La kutisha zaidi ni gurudumu linaponing'inia, kwa mfano likivuka mtaro: springi iliyofupishwa hulegea kwenye kikombe chake na inaweza kurudi ikiwa imekaa upande. Hakuna alainmenti inayosimama juu ya springi ya namna hiyo, maana kimo cha gari hakitakuwa kilekile leo na kesho. Springi fupi zilizotengenezwa kiwandani, au nguzo zenye uzi wa kupandisha na kushusha kama zile za TEIN ya Yokohama, ni ghali. Bei yake ilinganishwe na ya matairi mawili kila baada ya miezi michache.

Kosa jingine ni la kimyakimya, na hata mafundi wazuri hulifanya. Bushi za mikono ni mpira ulioshikamana na bomba la chuma, na bolti yake ikikazwa bomba hilo haligeuki tena. Mpira ndio unaojisokota. Bolti zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, mpira hujisokota gari linapoteremshwa na hubaki hivyo maisha yake yote. Utapasuka mapema, na kabla ya kupasuka utakuwa unalisukuma gari juu kuliko springi inavyotaka. Bolti hizo zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake.

Kisiwa kina adui wake wa ziada, naye ni chumvi. Gari linalolala usiku Kizingo au kando ya Mama Ngina Drive hupumua bahari, na nati ya tairodi ikikaa miaka bila kufunguliwa hushikana na uzi wake kama iliyochomelewa. Ndipo mwenye gari huambiwa mashine imekataa, wakati kilichokataa ni kutu. Bolti za kemba zilizo kwenye mguu wa nguzo za Subaru hupata maradhi hayohayo. Springi zinapobadilishwa, gari liko wazi. Huo ndio wakati wa kufungua kila nati ya marekebisho, kuipiga brashi ya waya, kuipaka grisi na kuirudisha. Ni kazi ya nusu saa inayookoa siku nzima ya kugombana na fundi wa mashine.

Mpangilio wa kazi nao una adabu yake. Kilichochoka hubadilishwa kwanza, yaani boljointi, bushi na ncha za tairodi, kwa sababu kupima pembe ya kitu kinachocheza ni kupoteza pesa. Kisha springi, kisha gari liendeshwe kilomita mia kadhaa springi zikae. Upepo wa matairi uwe sawa, buti liwe na mizigo ya kawaida tu, na kama mwenye gari ni mnene na huendesha peke yake, si vibaya akae kwenye kiti wakati wa kupima. Kimo kipimwe kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kwa futi ya chuma, pande zote nne. Tofauti ya kulia na kushoto ikizidi milimita tano, hapo kuna tatizo la kutafutwa kabla ya kugusa pembe. Mashine ianzie nyuma, kwani magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linataka kwenda wapi. Mbele hufuata kemba na kasta, na tou huja mwisho kabisa, kwa sababu ukigusa kemba umeigusa tou pia. Taa za mbele zirekebishwe siku hiyohiyo, hasa kama pua imeshuka kuliko nyuma au kinyume chake.

Wako mafundi wanaopima tou kwa uzi uliovutwa kando ya gari na rula ya chuma, na wasikilizaji wasiwadharau. Uzi ulionyooka mikononi mwa mtu mvumilivu hutoa tou inayoaminika. Hautoi kasta, na kemba utaipima kwa shida, lakini kwa Vitz iliyoshushwa kidogo uzi wa mzee huyo ni bora kuliko mashine ya gharama inayoendeshwa na mtu mwenye haraka.

Je, gari lishushwe kiasi gani kisiwani? Kwa njia zilivyo, kuanzia kabro za Mji wa Kale hadi mteremko wa Likoni, hukumu ya mhadhara huu ni milimita 25, na 30 kwa mtu asiyebeba abiria wengi. Kiasi hicho huacha mikono ya chini karibu na ulalo, kemba ndani ya uwezo wa bolti za kawaida, na tumbo juu ya matuta mengi. Hakitampa kijana vidole viwili. Pengine kitampa vidole vitatu vilivyobanana. Anayetaka zaidi atenge kwanza bajeti ya boljointi na mikono inayorekebishika, na akumbuke kwamba Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inadai gari na sehemu zake ziwe katika hali isiyohatarisha watu barabarani, na tairi lililotoka nyaya halina wakili.

Mwenye gari asiondoke gerejini bila karatasi mbili kutoka kwenye mashine, moja ya vipimo vya kabla na moja ya baada, zikionyesha digrii na dakika za kila gurudumu. Azihifadhi pamoja na logibuku. Na baada ya mwezi achutame tena kando ya gari, safari hii apitishe kiganja upande wa ndani wa tairi, kutoka ndani kwenda nje na kurudi. Meno yakikwaruza upande mmoja na kuteleza upande mwingine, tou imehama, na gari lirudi kwa fundi wiki hiyohiyo.